Haidrojeni peroksaidi ndani ya mitokondria: tunayoidhania na ilivyo kweli

Ukimwagia kidonda haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, povu jeupe hutoka palepale. Povu hilo ni oksijeni, inayotolewa pale katalasi, kimeng'enya kilicho kwenye damu na tishu, inapoivunja dawa ile. Ndiyo maana wengi huamini kwamba kitu kikali namna hiyo hakina kazi ndani ya mwili.

Dhana: Ni takataka yenye sumu, seli huitupa tu.

Sivyo kabisa. Mitokondria ni vijumba vidogo vinavyoizalishia seli nishati, navyo vina mnyororo wa upumuaji, yaani msururu wa protini zinazopokezana elektroni. Humo, hasa kwenye sehemu ziitwazo kompleksi ya I na ya III, elektroni chache huchoropoka na kudakwa na oksijeni, ikazaliwa superoksaidi, yaani oksijeni yenye elektroni moja ya ziada. Kimeng'enya chenye manganizi, SOD2, huigeuza upesi kuwa haidrojeni peroksaidi. Katika seli tulivu kiwango chake ni cha nanomola tu (sehemu za bilioni ya mola kwa lita). Ile ya chupani imekolea mamilioni ya mara zaidi.

Kwa kiwango hicho kidogo, inabeba ujumbe. Insulini inaposhika kipokezi chake, seli hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kwa makusudi, safari hii kwenye utando wake. Hiyo huenda kwenye PTP1B, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuuzima ujumbe wa insulini, na kuoksidisha, yaani kunyang'anya elektroni, salfa ya sisteini moja tu, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga. PTP1B inasimama, ujumbe unapita. Baadaye sisteini ile hurudishwa ilivyokuwa na breki inafanya kazi tena. Mimi naliona jambo hili kuwa zuri ajabu: salfa moja, na seli nzima inasikia.

Madhara yapo, sikatai. Ikizidi na kukutana na chuma huzaa radikali ya haidroksili, chembe kali kupita kiasi, na hiyo huharibu chochote kilicho karibu, DNA ikiwemo.

Dhana: Asilimia 2 ya oksijeni tunayovuta hugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi.

Namba hiyo ilitokana na mitokondria zilizotolewa kwenye seli na kupimwa maabara katika hali zisizo za kawaida. Ndani ya seli hai ni ndogo zaidi.

Dhana: Katalasi ndiyo mlinzi wa mitokondria.

Katalasi hukaa zaidi kwenye peroksisomu, vifuko vingine vidogo ndani ya seli. Ndani ya mitokondria mzigo mkubwa hubebwa na kimeng'enya kiitwacho peroksiredoksini 3, kikisaidiwa na kingine, glutathioni peroksidasi. Kila peroksiredoksini 3 ikishaoksidishwa, protini iitwayo thioredoksini 2 huirejesha kwa elektroni zinazotoka kwa NADPH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli. NADPH ikipungua, ulinzi wote hulegea.

Dhana: Kadiri unavyomeza vidonge vya antioksidanti (vitu vinavyozuia uoksidishaji), ndivyo unavyolindwa.

Hapa watu wameumia. Utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994, kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, ulikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti. Mwaka 2009, watafiti nchini Ujerumani walikuta kwamba mazoezi yaliongeza usikivu wa mwili kwa insulini, lakini si kwa waliokuwa wakimeza vitamini C na E, ambazo nazo ni antioksidanti, kwa wingi. Misuli inapofanya kazi hutoa haidrojeni peroksaidi, nayo ni sehemu ya ujumbe unaoiambia ijijenge na kuongeza kinga zake yenyewe.