Fimbo ya kuagiza kwa fundi kwa ajili ya kuvua trauti: dhana potofu na ukweli wake

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven huko Scotland, na mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan akawapandikiza katika Mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata baadaye, na leo jamii hizo mbili zinapatikana katika mito ya baridi ya Aberdare na ya Mlima Kenya, kama vile Chania, Thego, Burguret na Naro Moru. Pamoja na samaki hao ilikuja namna yake ya kuwavua, ambayo hutumia nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu wa mtoni. Ndoana hiyo ni nyepesi mno kuweza kurushwa kwa uzito wake yenyewe. Kinachorushwa ni mshipi mnene wenye uzito, nayo fimbo hupinda kwa uzito huo kisha hunyooka na kuusukuma mshipi mbele. Anayelielewa jambo hilo moja atazitambua kwa urahisi dhana potofu nyingi zinazomkabili mtu anayetaka kuagiza fimbo kwa fundi badala ya kuinunua ikiwa tayari dukani.

Dhana: Fimbo ya fundi ni bora kuliko ya kiwandani kwa sababu imetengenezwa kwa mkono.

Mafundi walio wengi hawatengenezi mrija wa fimbo, yaani mwili wake mtupu kabla haujafungwa chochote. Mrija wa kaboni hutengenezwa kiwandani, ambako kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa utomvu huviringishwa juu ya chuma chembamba kinachochongoka, kikaokwa katika tanuri, kisha chuma kikachomolewa. Fundi huununua mrija huo, mara nyingi kutoka kwa viwanda vilevile vinavyouza fimbo madukani, akaufunga pete za kupitishia mshipi, akaupa mshiko na mahali pa kukazia rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kisha akaupaka vanishi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho mkono utakihisi wakati wa kurusha imekwisha kuamuliwa kabla fundi hajagusa chochote. Thamani ya fundi mzuri ipo, na ni kubwa, lakini ipo mahali pengine: katika kukuchagulia mrija unaofaa mto wako, katika mshiko unaolingana na kiganja chako, na katika kupanga pete ili mshipi ufuate mpindo wa fimbo bila kuugusa mrija. Kabla ya kuzungumzia rangi ya nyuzi au mbao ya kishikilia rili, muulize mrija umetoka wapi na kwa nini ameuchagua huo. Fundi asiyekuwa na jibu la swali hilo la pili anakuuzia mapambo.

Dhana: Namba iliyoandikwa juu ya fimbo ni kipimo cha fimbo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, na ni vyema tukae hapa kidogo. Utaratibu wa namba uliowekwa na chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani unapima mshipi, haupimi fimbo. Hupimwa futi 30 za kwanza za mshipi, yaani mita 9 na ushei. Zikiwa na uzito wa karibu gramu 6.5, mshipi huo ni wa namba 3, gramu 7.8 ni namba 4, gramu 9.1 ni namba 5. Namba inayoandikwa kwenye fimbo ni maoni ya mtengenezaji kuhusu mshipi ambao anadhani utaifaa, na watengenezaji hawakubaliani. Fimbo mbili zenye namba 4 zinaweza kutofautiana kwa ugumu kiasi kwamba moja itakuwa hai mkononi na nyingine itasimama wima kana kwamba haijabeba kitu. Mmarekani William Hanneman alijaribu kuliondoa tatizo hili kwa njia rahisi ya kupima fimbo yenyewe: fimbo hulazwa na kukazwa upande wa mshiko, kisha sarafu za senti moja za Marekani, ambazo kila moja ina gramu 2.5, huning'inizwa kwenye ncha hadi ncha ishuke kwa theluthi moja ya urefu wa fimbo. Fundi anayetumia njia hiyo anaweza kukuambia ugumu halisi wa mrija bila kutegemea kilichoandikwa na kiwanda.

Sasa peleka hesabu hiyo mtoni. Katika sehemu za juu za Thego, au mahali Gura inapobanwa na mianzi na vichaka, samaki yuko mita tano kutoka ulipo. Katika mita hizo tano, zaidi ya mita mbili ni uzi mwembamba wa mwisho unaobeba nzi, ambao hauna uzito wa maana. Mshipi wenyewe uliotoka nje ya ncha haufiki mita tatu, wala si theluthi ya ile mita 9 iliyotumiwa kuipa fimbo namba yake, tena ni sehemu yake ya mbele ambayo kwa kawaida ni nyembamba zaidi. Fimbo ya namba 5 iliyotengenezwa kwa ajili ya mto mpana itapata gramu mbili au tatu tu za kuipinda, nayo haitapinda. Mvuvi ataanza kuusukuma mshipi kwa nguvu za bega, nzi ataanguka majini kwa kishindo, na trauti wa maji maangavu atakuwa amekwisha kukimbilia chini ya mwamba. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kumweleza fundi ni umbali wa kweli unaorusha mara nyingi, wala si umbali mkubwa kabisa uliowahi kuufikia, kwa kuwa yeye akijua kwamba unavua ndani ya mita sita au saba atatafuta mrija wa namba 3 au 4 unaoanza kupinda kwa uzito mdogo.

Dhana: Kadiri kaboni inavyokuwa ngumu zaidi ndivyo fimbo inavyokuwa bora.

Nyuzi za kaboni zenye nguvu ziliendelezwa katika maabara ya utafiti wa ndege ya Farnborough, Uingereza, katika miaka ya 1960, na kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaingiza sokoni fimbo za kaboni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo matangazo yamesifu ugumu wa kaboni mpya kuliko iliyotangulia, na ni kweli kwamba kaboni ngumu huruhusu mrija mwepesi. Lakini mrija mwepesi una kuta nyembamba, na kaboni ngumu zaidi kwa kawaida huvunjika kwa urahisi zaidi inapogongwa. Fimbo ngumu inayopinda kwenye ncha tu hutupa mbali na hukabiliana vizuri na upepo, kwa hiyo anayevua katika maziwa ya Mlima Kenya kama Rutundu na Alice, ambako upepo wa mlimani huvuma bila kizuizi, ana sababu nzuri ya kuitaka, labda ya futi 9 na namba 5 au 6. Kwenye kijito mambo hugeuka. Uzi wa mwisho ni mwembamba sana, na samaki anapochomoka ghafla kinachouokoa uzi huo usikatike ni ulaini wa fimbo. Faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu, iliyoanza kuenea mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia na ambayo wengi huiona kuwa ya kizamani, hupinda polepole hadi karibu na mshiko, hustahimili kugongwa, na kwa maoni yangu ni chaguo zuri kuliko kaboni ya bei kubwa kwa mtu anayevua mito midogo pekee.

Dhana: Fimbo ya mwanzi ni ya kutundikwa ukutani.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba mwanzi hauna mpinzani kwa kuwa ni ghali. Pande zote mbili zimekosea. Fimbo ya mwanzi haikatwi ikiwa nzima: mwanzi hupasuliwa, vipande sita vya pembetatu hurandwa kwa ulinganifu wa sehemu ndogo sana za milimita, kisha huunganishwa kwa gundi hadi vikawa fimbo yenye pande sita. Hiram Leonard wa Bangor, Maine, alizijengea fimbo za namna hiyo jina kubwa katika miaka ya 1870. Mwanzi unaopendelewa ni ule wa Tonkin kutoka Guangdong, China, kwa sababu nyuzi zake ni nyingi na zimesongamana karibu na ganda. Mianzi ya Aberdare ni jamii nyingine kabisa, kwa hiyo wingi wake kando ya mto usimfanye mtu adhani kwamba fundi ataipokea. Marekani ilipopiga marufuku biashara na China mwaka 1950, mwanzi huo ulikuwa adimu na faibaglasi ikachukua nafasi yake haraka, jambo ambalo halikutokana na udhaifu wa mwanzi. Bei yake ya leo ni ya saa za kazi ya mikono. Fimbo fupi ya mwanzi ya namba 3 au 4 huweka nzi majini kwa utulivu mkubwa; fimbo ndefu ya mwanzi huchosha mkono, kwa sababu uzito huongezeka haraka kuliko urefu.

Dhana: Mto mdogo unahitaji fimbo fupi.

Hutegemea kilicho juu ya kichwa chako. Matawi yakiwa yamefunga, futi 7 zinatosha. Mto ukiwa mdogo lakini wazi, futi 8 na nusu zitakuwezesha kuunyanyua mshipi juu ya mkondo wa kasi ili usimburute nzi, na trauti hukataa mdudu anayekwenda kinyume na maji.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Husemwa kwamba kila mrija una upande unaopinda kwa urahisi zaidi, na kwamba pete zisipofungwa kwa kuufuata fimbo itajipinda na kurusha kombo. Upande huo upo, lakini katika fimbo ya nzi pete huning'inia chini ya mrija, na mzigo wa mshipi hauna sababu ya kuizungusha. Fundi akiutumia upande ulionyooka zaidi hajakosea. Husemwa pia kwamba fimbo ya vipande vinne hupoteza uhai wake kwenye viungo. Hilo lina ukweli katika fimbo za mwanzi zenye viungo vya chuma, lakini viungo vya kaboni vya leo hupinda pamoja na mrija. Mapambo ya nyuzi na vanishi nzito karibu na ncha, kwa upande mwingine, huichelewesha fimbo kwa dhahiri, kwa kuwa gramu chache za nchani huhisiwa kuliko nyingi za mshikoni.

Mwisho kuna dhamana, ambayo wanunuzi hudhani inafanana na ile ya fimbo ya dukani. Kiwanda kinaweza kumpa fundi kipande kipya cha mrija uliovunjika bila malipo au kwa bei ndogo, lakini kazi ya kufunga pete upya na kupaka vanishi mara nyingi hulipiwa na mwenye fimbo. Uliza hilo kabla ya kulipa malipo ya awali, na mwombe fundi aandike aina ya mrija, namba na tarehe kwenye fimbo yenyewe karibu na mshiko, ili kipande kikivunjika miaka mingi baadaye fundi yeyote aweze kuagiza kinacholingana nacho.