Mazoezi kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza matiti kwa wanaume

Kliniki za upasuaji hapa Kampala zinaendelea kupokea wanaume wanaorudi kabla ya tarehe ya marudio wakiwa na kifua kilichovimba, na maelezo yao hufanana: maumivu yaliisha, wakarudi jimu.

Ieleweke kwamba mazoezi hayaondoi tezi ya titi, ile nyama ngumu iliyo chini ya chuchu. Mafuta ya kifua hupungua uzito unaposhuka, lakini tezi iliyokua kutokana na mvurugiko wa homoni, ugonjwa wa ini, dawa kama spironolaktoni (ya kupunguza maji mwilini) na efavirenzi (ya VVU), au sindano za kukuza misuli zinazouzwa kimyakimya, haiondoki kwa pushapu, hata mtu akipiga mia kila alfajiri. (Anayetumia efavirenzi asiiache kwa uamuzi wake, azungumze na kituo kinachompa dawa.) Kwa vijana wa balehe hali hii mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miaka 2, na wazazi wanaodai mtoto apasuliwe wakati wa likizo wanapaswa kusubiri.

Kabla ya upasuaji, faida ya mazoezi ni kuufikisha uzito mahali utakapotulia kwa miezi kadhaa. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu na kuchelewesha kidonda kupona. Atakayeendelea na sindano za misuli asishangae tezi ikirudi.

Mgonjwa ahakikishe kwamba daktari amesajiliwa na baraza la kitaifa linalosimamia madaktari na ana leseni ya mwaka husika, kwani kutibu bila leseni ni kosa la jinai. Fomu ya ridhaa husomwa na kutiwa saini kabla ya dawa ya usingizi. Aulize pia kama nyama itakayotolewa itapelekwa maabara, kwa sababu saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani hiyo, kisha ayafuate majibu na nakala yake aitunze.

Baada ya upasuaji, kutembea polepole huanza siku hiyohiyo au kesho yake ili damu isigande miguuni. Kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo asibebe kitu kinachozidi kilo 5, na jerikeni ya maji iliyojaa ni kilo 20, hivyo kisimani aende mwingine. Asiendeshe bodaboda, wala asinyanyue mikono kupita mabega. Baiskeli ya kusimama inaweza kuruhusiwa baada ya hapo. Vyuma na mazoezi ya kifua husubiri takriban wiki 6, tena kwa idhini ya aliyempasua, wala si ya mwalimu wa jimu. Fulana ya kubana huvaliwa usiku na mchana kwa muda ulioandikwa, joto la Kampala si udhuru.

Upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza, hasa katika saa 48 za kwanza, huenda damu inavilia ndani: arudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, bila kungoja tarehe iliyo kwenye kadi.