Ukiomba miwani yenye nguvu zaidi, mimi nitakuuliza kitu kingine

Karibu kila anayeketi mbele yangu kwa mara ya kwanza huwa na ombi lile lile: apewe miwani yenye nguvu zaidi. Nalielewa. Tumekua tukijua kwamba asiyeona vizuri huvaa miwani, na hiyo ikishindwa, hubadilishiwa nyingine. Ila kazi ya miwani ni kuuelekeza mwanga utue sawasawa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina yenyewe, au mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, ukishaharibika kwa kisukari, glakoma (ugonjwa unaoua mshipa huo polepole) au uzee, lenzi nene haiwezi kurudisha kilichokufa.

Mimi ni mtaalamu wa utengamao kwa watu wenye uoni hafifu, yaani nawasaidia kufanya shughuli zao kwa uoni uliobaki. Sitibu macho, wanaofika kwangu huwa wameshapita kwa daktari, na wengi wanaendelea naye. Swali langu la kwanza huwashangaza kidogo: ni jambo gani hasa unataka kulifanya, na sasa linakushinda? Mmoja atasema kusoma maelekezo ya dawa. Mwingine, kumtambua anayemsalimia njiani. Wa tatu anaogopa ngazi. Majibu hayo hunisaidia kuliko ile namba ya ubao wa herufi.

Ubao hupima kitu kimoja tu. Aliyepoteza uoni wa katikati, kama inavyotokea pale kitovu cha retina kinapozorota uzeeni, hawezi kusoma wala kutambua sura, lakini atapita kati ya viti bila kujikwaa na ataokota sindano ambayo wewe umeshindwa kuiona. Mwenye glakoma iliyokomaa anaweza kusoma maandishi madogo vizuri kabisa, kisha akainuka na kuugonga mlango ulio wazi, kwa sababu uoni wa pembeni ndio uliokwenda. Wote wawili hushukiwa nyumbani kwamba wanaigiza. Nusu saa ya kuwaeleza ndugu jambo hili wakati mwingine huleta nafuu kuliko kifaa chochote nilicho nacho kabatini.

Vifaa navyo vina masharti yake. Kioo cha kukuza cha dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) kinataka kishikwe takriban sentimita 10 kutoka kwenye karatasi. Cha dayopta 20, sentimita 5. Kadiri nguvu inavyopanda ndivyo eneo linaloonekana linavyobana, mpaka unasoma herufi mbili tatu kwa wakati mmoja na sentensi inakupotea. Kwa hiyo natoa nguvu ndogo kabisa inayotosha kazi iliyotajwa. Kwa yule aliyepoteza uoni wa pembeni, akabaki na tundu dogo la kuonea katikati, kukuza kunaweza hata kumharibia: neno likiwa kubwa, halienei tena ndani ya tundu lake.

Mwanga hudharauliwa sana. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20, hata macho yakiwa mazima. Taa ndogo ukiisogeza kutoka mita moja hadi nusu mita juu ya ukurasa, ukurasa hupata mwanga mara nne. Iwe upande, chini ya usawa wa macho, na balbu isikuchome machoni. Baada ya hapo tunaangalia tofauti ya rangi: ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayojitenga, kinywaji cheusi kimiminwe kwenye kikombe cheupe. Aliyepoteza uoni wa katikati namfundisha pia kutazama kando kidogo ya kitu anachokitaka, ili picha iangukie sehemu ya retina ambayo bado ni hai. Ni mazoezi ya wiki nyingi, na mwanzoni yanaudhi.

Kuna jambo ambalo wateja wangu hawalisemi mpaka niwaulize, nami siku hizi nauliza kila mtu. Je, unaona vitu ambavyo havipo? Hapo hufuata kimya. Kisha: watu wadogo waliovaa mavazi ya ajabu, michoro kama ya vigae ukutani, nyuso, wanyama. Ni maruweruwe yanayojulikana kwa jina la Charles Bonnet, Mswisi aliyeandika mwaka 1760 juu ya babu yake aliyekuwa akiyaona. Ubongo uliokosa taarifa za kutosha kutoka machoni hujitengenezea picha zake wenyewe. Picha hizo hazitoi sauti, na mara nyingi anayeziona anajua kwamba si za kweli. Si wazimu, wala si dalili ya kupoteza kumbukumbu. Nimeona watu wazima wakilia kwa kusikia hayo tu, kwa kuwa walikaa na siri hiyo wakihofia kupelekwa kwa daktari wa akili. Kupepesa macho, kuwasha taa au kuinuka ulipoketi huweza kuzifukuza. Zikiambatana na sauti, au ukianza kuziamini, mwone daktari, kwani huenda chanzo ni kingine.

Wengi huchelewa kuja kwa kudhani huduma hii ni ya wasioona kabisa. Shirika la Afya Duniani huhesabu upofu kuanzia chini ya 3/60 kwenye jicho lililo bora, yaani kuona kwa mita 3 kitu ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Hata chini ya hapo wengi bado wanaona mwanga na vivuli. Ni rahisi zaidi kujifunza fimbo nyeupe, nukta nundu au simu inayosoma kwa sauti wakati bado unaona kiasi. Programu za kusoma skrini, kama VoiceOver na TalkBack, tayari zimo kwenye simu nyingi, na NVDA ya kompyuta ni ya bure. Zinataka subira tu, na sikio lililozoea.

Siku ya kwanza njoo na miwani yako yote, hata ile iliyokwaruzwa, pamoja na simu na maandishi yanayokushinda. Ukija na ndugu, ushike kiwiko chake mkitembea. Asikusukume kutoka nyuma. Na nikiuliza swali, jibu wewe.

Ila kama ghafla umeona miale, vidoa vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia kinachoshuka upande mmoja wa jicho, usisubiri miadi yangu. Huenda retina inabanduka, nawe unatakiwa kuwa mbele ya daktari wa macho siku hiyo hiyo.