Msitu wa serikali haimaanishi mkulima hana haki

Huku Malindi maneno ni yale yale tangu zamani, ati msitu ni wa serikali basi, mkulima wa pembeni akiingia hata kuokota kuni ni mwizi. Sivyo jamani. Sheria ya misitu ya 2005 ilifungua mlango na ile ya 2016 ikaendeleza, kwamba wanakijiji wakiunda chama chao cha msitu, wakakisajili, wakaandikiana mkataba na KFS, yaani shirika la serikali ya Kenya linalosimamia misitu, wanaweza kuruhusiwa kuni, majani ya mifugo, dawa za miti, mizinga ya nyuki na kadhalika.

Si mnaona Arabuko-Sokoke, pale Gede tangu 1993 wakulima wanafuga vipepeo wa msitu huo wanauza wakiwa bado kwenye vifuko vyao mpaka ng'ambo, yaani msitu ukiisha na hiyo pesa imeisha, na mkulima anajua hilo kuliko mtu yeyote.

Lakini tusidanganyane, kutumia si kumiliki. Hupewi hatimiliki, huwezi kuuza msitu wenyewe, na bila mkataba huna kitu mkononi, hapo ndipo wengi wanaumia.

Alafu si kila msitu ni wa serikali! Katiba ya 2010 inatambua misitu ya jamii, hiyo ni ardhi ya wenyewe, na kama haijasajiliwa kaunti inaishikilia tu kwa niaba yao, haina ruhusa ya kuiuza.