Magitaa mazito hayamjazi mtu hasira

Wengi huamini kwamba muziki wa hevi metali, kwa ule mngurumo wa magitaa na waimbaji wanaopayuka, humpandisha msikilizaji hasira. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha jaribio lao kuhusu dhana hiyo, lililowahusisha mashabiki 39 wa muziki wa aina hiyo. Kwanza waliwachokoza: dakika 16 za kuwahoji juu ya mambo yanayowaudhi, yakiwemo mapenzi, kazi na pesa. Kisha baadhi wakasikiliza nyimbo walizojichagulia kwa dakika 10, wengine wakakaa kimya. Ghadhabu ikashuka kwa wote. Mapigo ya moyo ya waliosikiliza muziki yalibaki juu, ila hayakupanda zaidi. Nao, tofauti na wenzao, walisema wamechangamka na kupata ari.

Hapo ndipo watu huchanganya mambo. Moyo kwenda mbio si lazima iwe hasira. Akili huupa msisimko huo maana kulingana na hali, na shabiki anajua yuko salama, tena muziki kautaka mwenyewe. Asiyeupenda huenda akakereka kweli (na ana haki yake), lakini jaribio hilo halikumhusu.