Kukosekana kwa makofi hakuifanyi albamu kuwa ya studio

Nimechoka. Kila nikiweka Rust Never Sleeps, albamu ya mwanamuziki wa roki Neil Young, ya mwaka 1979, lazima atokee mjuaji: "Hii ya studio bwana, mbona mashabiki hawasikiki?" Nikiweka Earth, albamu yake ya 2016, mjuaji yuleyule anageuka: "Hii nayo si laivu, humu ndani kuna nyuki na kunguru!" Asiposikia watu, ni studio. Akisikia wadudu, ni studio vilevile.

Tuanze na hiyo Rust. Sehemu kubwa ya nyimbo zake ilipigwa mbele ya watu mwaka 1978. Upande wa kwanza ni gitaa kavu, lisilotumia umeme, upande wa pili ni Young na bendi ya Crazy Horse, magitaa yakinguruma. Baadaye kelele za watu ziliondolewa kadiri ilivyowezekana, na vitu vingine vikaongezwa studio. Nyimbo za "Pocahontas" na "Sail Away" hazikutoka kabisa kwenye maonyesho hayo, sawa. Lakini mwaka huohuo wa 1979 ikatoka albamu ya Live Rust, ya ziara ya 1978, na wimbo wa "Powderfinger" umo kwenye zote mbili. Kwenye Live Rust makofi yapo, basi hakuna anayelalamika.

Ukumbini kila maiki inagawanywa: njia moja kwenye mixa ya spika za mbele, nyingine ya monita, zile spika wanazojisikilizia wanamuziki jukwaani, nyingine kwenye mashine ya kurekodi. Usirekodi ile mixa ya mbele ukadhani umepata albamu. Kama ampu ya gitaa inasikika hadi mlangoni bila msaada, fundi wa mbele hailishi kwenye spika, na kwenye rekodi yako utabaki na mwimbaji tu. Ndiyo maana kila chombo hupewa treki yake na miksi hufanywa baadaye. Hilo tumemaliza.

Sasa maiki za mashabiki, zile zinazotegwa kunasa kelele za ukumbi, maana ugomvi wote uko hapa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Maiki iliyotegwa mita 34 kutoka jukwaani inaisikia snea, ile ngoma kali ya dramu, kwa kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukichanganya bila kufikiri, kila pigo la snea linatoka mara mbili, na mwimbaji anasikika kama anaimba kutoka kisimani. Unaweza kuziwahisha treki hizo ziendane na jukwaa. Kwenye kompyuta ni kazi ya kubofya, kwenye tepu ilikuwa mateso, na hata ukifanya hivyo mwangwi wa ukumbi unabaki palepale. Kwa hiyo wengi wetu mafundi wa sauti tunazishusha wimbo ukianza na kuzipandisha ukikaribia kuisha. Mjuaji anasikia makofi yameibuka ghafla, anatangaza kwamba yamebandikwa. Hayakubandikwa! Watu walikuwa wanapiga kelele muda wote. Sisi ndio tuliokuwa tumewafungia.

Na kwa wanaoyaamini makofi kama hati ya kiapo: kwenye Live Rust, kabla ya "The Needle and the Damage Done", kuna umati unaimba kuifukuza mvua. Ule ni umati wa tamasha la Woodstock wa 1969, rekodi iliyopigwa kwenye spika kama sehemu ya onyesho la 1978. Hao tuwahesabu au tusiwahesabu?

Ukitaka dalili ya maana, sikiliza uvujaji. Kwa bendi yenye kelele kama Crazy Horse, dramu na magitaa yanamwagikia kwenye maiki ya mwimbaji, na sauti ya mwimbaji, kupitia monita, inarudi kwenye maiki za dramu. Ukirudia kuimba studio, ile sauti ya zamani bado imo ndani ya matoazi, inakuchungulia. Halafu ukiizima maiki ya mwimbaji, dramu nazo zinabadilika, zinasinyaa. Kurekebisha hapo si mchezo. Besi ni habari nyingine. Inachukuliwa moja kwa moja kwa waya, haivujiwi na chochote, na mpigaji anaweza kuirudia mwezi mzima baadaye. Mimi sitagundua. Kazi ikifanywa vizuri tunadanganyika sote, mafundi na mashabiki, ingawa mafundi huwa hatupendi kulisema hili.

Turudi kwa nyuki. Muziki wa Earth ulipigwa jukwaani mwaka 2015, Young akiwa na Promise of the Real, bendi ya vijana wakiwemo Lukas na Micah, wana wa mwimbaji wa kantri Willie Nelson. Albamu inakwenda dakika 98 bila kusimama. Wadudu na ndege waliwekwa juu yake baadaye, tena waziwazi, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayedhani nyuki alisimamishiwa maiki. Hawanisumbui. Inayonisumbua ni ile kwaya iliyoongezwa, sauti zikiwa zimenyooshwa kwa Auto-Tune, programu ya kusahihisha noti. Kuna siku naiona ni utani wa mzee wa miaka 70 aliyechoka kuambiwa muziki halisi ni upi. Kuna siku naona amevuka mpaka. Na mpaka wenyewe siwezi kuuchora: besi iliyorudiwa kimyakimya naipokea bila neno, kwaya ambayo haikujificha inanikera. Haina mantiki, najua, na wenzangu wa kazi wameshanicheka.

Mwenye hoja kuhusu kwaya hiyo anipigie, tubishane hadi asubuhi. Habari ya makofi nimeifunga.