Maji ya mto wa nchi mbili: nani anafungwa na mkataba upi

Tangu Ethiopia ilipozindua bwawa lake kubwa kwenye Nile ya Bluu Septemba 2025 maswali yanatuingia mfululizo, na mengi yanakuja yashahukumu: Misri, ilioko chini mto unakoishia, inaonewa, au maji ni ya Ethiopia ilioko juu yanakotoka, afunge akitaka. Yote mawili sivo. Alie juu ya mto hana haki ya kumkatia mwenzake, na alie chini hana ruhusa ya kuzuia kila kinachojengwa juu, hili tunalisema kila siku jamani.

Sasa utaratibu, maana hapa ndo watu wanapochanganya. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito inayopita nchi zaidi ya moja, nchi inayotaka kujenga kitu kinachoweza kumdhuru vibaya jirani inampa taarifa mapema pamoja na data zake za kitaalamu, jirani ana miezi 6 ya kujibu, kukiwa na ugumu wa kipekee anaweza kuomba 6 mengine, na muda huo kazi haianzi bila ridhaa yake. Wakizungumza miezi 6 wasielewane, mmoja anaweza kutaka tume ichunguze. Tume inatoa ripoti na mapendekezo tu. Haina faini, haina polisi. Na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilioko The Hague, inayoamua kesi za nchi kwa nchi, haisikilizi kesi mpaka pande zote ziwe zimeridhia.

Halaf mkataba unamfunga alieingia tu! Huo wa 1997 Misri na Ethiopia hawamo. Ule wetu wa bonde la Nile, uliosainiwa Entebbe Mei 2010 na Tanzania ikiwemo, umeanza kazi Oktoba 2024 lakini Misri na Sudan hawakusaini, wao wanashika wa 1959 walogawana wenyewe, Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan 18.5, Ethiopia hata hakuitwa wakati maji mengi yanatoka kwake.

Na msituambie haya ni ya bara. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890, uleule uliotutia Unguja na Pemba chini ya himaya ya Uingereza, ndo Malawi inaoushika leo kudai Ziwa Nyasa mpaka ukingoni kwetu, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Kwa hesabu ya Malawi mama wa Mbamba Bay akitia mguu ziwani kuchota ndoo keshavuka mpaka. Rais mstaafu Chissano wa Msumbiji alipewa kusuluhisha mgogoro huo wa ziwa, na msuluhishi nae anapendekeza tu, hahukumu.